Warfarin au vidonge vipya, kutuliza mpigo au kuurudisha: ulinganisho kwa wagonjwa wa AF Mombasa

Mtu akitoka kwa daktari wa moyo na karatasi iliyoandikwa AF, yaani mpapatiko wa atria, maswali mawili humfuata hadi nyumbani. La kwanza ni la kuzuia damu isigande: anywe warfarin ya siku zote, au vidonge vipya kama rivaroxaban, apixaban na dabigatran? La pili ni la mpigo wenyewe: moyo uachwe upige bila mpangilio ila usikimbie, au utafutiwe njia ya kurudi kwenye mpigo wake wa kawaida? Wagonjwa wengi huanza na la pili, kwa sababu ndilo wanalolisikia kifuani usiku. Mimi naanza na la kwanza na nitakaa hapo zaidi, maana ndilo linaloamua nani atapooza na nani atabaki na mikono yake yote miwili.

Nimemsindikiza mama yangu kliniki ya moyo hapa Mombasa kwa miaka, na kwenye yale mabenchi mtu husikia mengi. Ninayoyaandika yametoka kwenye utafiti uliochapishwa na kwa wagonjwa wenzake. Hayachukui nafasi ya daktari wako. Nia yangu ni uingie chumbani kwake ukijua la kuuliza.

Katika AF, vyumba viwili vya juu vya moyo huacha kujikaza kwa pamoja, vikabaki kupapatika. Damu huzembea humo, hasa katika kijifuko kilicho ubavuni mwa chumba cha kushoto, na damu iliyosimama huganda. Donge likichomoka, njia yake ya karibu ni ubongo. Ndiyo sababu mwenye AF hukadiriwa kuwa na hatari ya kiharusi karibu mara 5 ya mwenzake asiye nayo. Hatari hiyo haiangalii unavyojisikia. Wapo wanaousikia moyo ukirukaruka hadi hawalali, na wapo waliogunduliwa siku walipokwenda kupimwa presha tu. Hao wa pili ndio hunitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa ni rahisi kwao kuacha dawa: hawaumwi popote.

Daktari akiamua kama unahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda, huhesabu alama. Moyo uliodhoofika alama 1, presha 1, kisukari 1, ugonjwa wa mishipa ya damu 1, umri wa miaka 65 hadi 74 alama 1, miaka 75 na kuendelea 2, na kiharusi cha zamani 2. Ukifika 2, dawa inashauriwa. Ukiwa na 1, ni ya kujadiliana. Mama mwenye miaka 68 na presha tayari ana 2, hata kama anatembea kwa miguu kutoka Kibokoni hadi Marikiti bila kuhema.

Vali hutangulia bei

Kabla ya kubishana kuhusu dawa ipi ni bora, uliza swali moja: eko ya moyo wangu imeonyesha nini kuhusu vali ya mitrali? Eko ni picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, na vali ya mitrali ni mlango ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo. Hapa kwetu swali hili lina uzito ambao kurasa nyingi zilizoandikwa Ulaya haziupi. Huko AF ni ugonjwa wa wazee zaidi. Kwetu wako pia vijana, wengi wao wanawake, ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya rumatiki iliyofuata maambukizi ya koo utotoni. Vali ikishakakamaa na kuwa nyembamba, chumba cha juu hutanuka, na AF hufuata.

Ikiwa vali ya mitrali imebana kwa kiasi cha kati au zaidi, au umewekewa vali ya chuma, jibu ni warfarin. Hata hesabu ile ya alama haihitajiki: mwenye mbano wa namna hiyo pamoja na AF anahitaji dawa, awe na miaka 25 au 75. Wengi tulitarajia dawa mpya zingewaokoa wagonjwa hawa na safari za kupima damu. Mwaka 2022 ukachapishwa utafiti uitwao INVICTUS, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye AF na ugonjwa wa moyo wa rumatiki katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Waliopewa rivaroxaban walipatwa na viharusi na vifo zaidi kuliko waliokunywa warfarin na dawa za jamii yake, na kutokwa damu hakukupungua kwa kiwango cha maana. Kwa upande wa vali za chuma, jaribio la dabigatran lilisimamishwa kabla ya wakati na matokeo yake yakachapishwa 2013: madonge zaidi na damu zaidi.

Naliweka hili mbele kwa sababu nimemsikia binti mmoja wa Kisauni, mwenye vali iliyobana, akisimulia jinsi jamaa aliye ng'ambo alivyomtumia pesa "anunue ile dawa ya kisasa, aachane na sumu ya panya". Nia ilikuwa njema kabisa. Ni kweli warfarin iliuzwa kwanza kuua panya mwaka 1948, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kutibu watu. Kinachotenganisha sumu na dawa ni kipimo, ndiyo maana hupimwa kwa damu yako mwenyewe. Kwa vali yake, hiyo ya zamani ndiyo iliyo bora, na zawadi ya jamaa yake ingefaa zaidi kulipia vipimo na nauli.

Kwa wanawake wa umri wa kuzaa kuna jambo jingine la kusema mapema. Warfarin yaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya mimba, na vidonge vipya havitumiki kwa mjamzito wala anayenyonyesha. Anayepanga kushika mimba aonane na daktari kabla, ili njia kama sindano za heparini ipangwe mapema. Anayegundua kuwa tayari ni mjamzito asiache dawa kimyakimya, aende kliniki siku hiyohiyo.

Warfarin na vidonge vipya, bega kwa bega

Kuanzia hapa nazungumza na yule ambaye eko yake haina mbano mkubwa wa mitrali wala vali ya chuma. Huyu ana nafasi ya kuchagua kweli.

Fedha kwanza, kwani hapo ndipo wengi hukwama. Kidonge cha warfarin ni rahisi sana, na vidonge vipya ni ghali zaidi hata baada ya zile zinazotengenezwa India kuteremsha bei. Lakini bei ya warfarin haiishii dukani. Dawa hii inafuatwa na kipimo cha INR, yaani kipimo cha kasi ya damu kuganda, na matokeo yanatakiwa yakae kati ya 2 na 3. Chini ya 2, damu inaganda. Juu ya 3, hatari ya kutokwa damu inapanda, na kadiri inavyopanda ndivyo mambo yanavyokuwa mabaya. Mwanzoni hupimwa kila baada ya siku chache, kisha kila wiki, na ukishatulia yaweza kuwa mara moja kwa mwezi au zaidi. Piga hesabu ya kwako: malipo ya maabara, matatu, tuktuk ya mzee asiyeweza kusimama, na kibarua kilichopotea asubuhi hiyo. Anayekaa Tudor na kufika Makadara, hospitali kuu ya Pwani, kwa dakika chache ana hesabu tofauti kabisa na anayetoka Kinango, au anayevuka feri ya Likoni kila mara. Nimewaona watu ambao warfarin, kwa jumla, iliwagharimu zaidi ya kidonge kipya, na hawakujua hadi walipoandika kila kitu kwenye karatasi. Uliza pia mapema ni kipi kati ya dawa na vipimo kinalipiwa na SHA, bima ya afya ya serikali, katika kituo unachokwenda. Usisubiri kuulizia dirishani.

Na kwenda kupima hakutoshi, lazima namba itulie. Utafiti wa REMEDY, uliochapishwa 2015 kuhusu wagonjwa zaidi ya 3,300 wa moyo wa rumatiki, wengi wao wa Afrika, ulikuta kwamba kati ya walioandikiwa dawa ya kuzuia kuganda ni asilimia 28.3 tu waliokuwa na INR ndani ya kiwango. Hilo si kosa la wagonjwa peke yao. Maabara iko mbali, kitendanishi kimekwisha, matokeo yanakuja kesho, na daktari wa kubadilisha dozi hayupo hadi Alhamisi. Ikiwa vipimo vyako 7 kati ya 10 viko kati ya 2 na 3, warfarin inakufanyia kazi vizuri na usione haya kubaki nayo. Ikiwa namba yako inapanda na kushuka kila mwezi japo unajitahidi, hapo ndipo dawa mpya inastahili pesa zake.

Chakula ni mateso makubwa ya wanaokunywa warfarin, na sehemu kubwa ya mateso hayo hayana haja. Dawa hii hupingana na vitamini K, iliyojaa kwenye mchicha, kisamvu, mnavu na sukuma wiki. Wengi huambiwa, au huelewa, kwamba wasiguse mboga tena. Mama yangu alikula wali mkavu na samaki kwa muda mrefu kwa hofu hiyo. Kinachotakiwa ni kula mboga kwa kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, ili dozi ipangwe kulingana na chakula chako. Mchicha wa nazi wa kila siku hauna tatizo. Tatizo ni kutokula kabisa kwa wiki tatu, kisha sufuria nzima ya kisamvu harusini. Vidonge vipya havijali mboga hata kidogo, na kwa mzee ambaye chakula chake kinategemea nani amepika leo, hiyo ni faida kubwa.

Ramadhani inabadilisha ulinganisho huu kwa namna ambayo kijikaratasi cha ndani ya boksi hakisemi. Warfarin hunywewa mara moja kwa siku, jioni, kwa hiyo saumu haiigusi moja kwa moja. Lakini chakula hubadilika ghafla na INR hufuata, hivyo pima katika wiki ya kwanza au ya pili ya mfungo. Rivaroxaban ya miligramu 20 ni mara moja pia, na lazima inywewe na chakula cha kushiba, la sivyo mwili hauipokei yote. Wakati wake ni baada ya kula futari hasa, usiinywe kwa tende na maji pekee. Apixaban ni mara mbili. Hapa kwetu mchana na usiku havipishani sana mwaka mzima, hivyo futari saa kumi na mbili na nusu jioni na daku saa kumi alfajiri hukupa pengo la kama saa 10 usiku na 14 mchana. Pengo si sawa, ila wagonjwa wengi hulipanga hivyo kwa ushauri wa daktari. Mwenye figo dhaifu afikirie zaidi, kwani kukaukiwa maji katika joto la Mombasa huziumiza figo, na figo zikilegea vidonge vipya hujikusanya mwilini, dabigatran kuliko vyote.

Sasa kusahau. Warfarin huchukua siku kama 5 kuanza kazi sawasawa, na ukiiacha huondoka polepole kwa siku kadhaa. Ukikosa dozi moja, bado una kinga. Vidonge vipya huingia ndani ya saa chache na kutoka haraka: nusu yake imekwisha ndani ya kama nusu siku. Anayekaa siku mbili bila kidonge kwa sababu pesa haijaingia yuko wazi kabisa. Hapa natofautiana na wanaosema dawa mpya ni bora kwa kila mtu. Mvuvi ambaye kusi likivuma hana cha kuuza, au mfanyakazi wa hoteli anayesimamishwa watalii wakiondoka, aweza kuwa salama zaidi na dawa ya bei nafuu anayoweza kuinunua miezi yote 12 kuliko dawa nzuri ya miezi 8. Ukichagua mpya, jitahidi uwe na akiba ya mwezi mmoja mbele.

Kutokwa damu ndiyo hofu ya kila mtu. Mwaka 2014 watafiti waliunganisha majaribio manne makubwa, ya wagonjwa zaidi ya 71,000, yaliyolinganisha dawa mpya na warfarin. Kuvuja damu ndani ya kichwa kulipungua kwa takriban nusu kwa waliokunywa mpya, na viharusi kwa jumla vikapungua karibu moja ya tano. Kutokwa damu tumboni na kwenye utumbo kuliongezeka, kwa takriban robo. Damu ya kichwani ndiyo inayoua na kulemaza, kwa hiyo kwangu mizani inaelemea dawa mpya. Lakini warfarin ina kinza chake, yaani dawa ya kuizima, ambacho ni vitamini K, cha bei ndogo na kinachojulikana kila hospitali. Vinza vya dawa mpya vipo, ila ni ghali mno na si vya kutegemea kuvikuta. Kinachosaidia ni kwamba dawa mpya hutoka mwilini upesi zenyewe.

Kuna kundi moja la kuangalia kwa makini: mzee sana, dhaifu, ambaye amekaa vizuri na warfarin kwa miaka. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2023, FRAIL-AF, uliwabadilishia wazee wa namna hiyo dawa kwenda mpya. Waliobadilishiwa walitokwa damu zaidi, asilimia 15.3 dhidi ya 9.4. Babu anayeendelea vizuri na INR yake imetulia, mwacheni.

Figo pia huchagua. Takriban asilimia 80 ya dabigatran hutolewa na figo, na apixaban karibu asilimia 27 tu. Mwenye kisukari cha muda mrefu aulize kipimo cha figo kabla ya kuanza, na kila mwaka baadaye, au mara nyingi zaidi zikiwa zimeshadhoofika. Dabigatran ina udhaifu mwingine unaotuhusu watu wa pwani: haipendi unyevu. Ikae kwenye pakiti yake hadi saa ya kunywa, usiihamishie kwenye kikopo cha dawa, na kapsuli isifunguliwe.

Dawa nyingine unazokunywa nazo zina sauti. Rifampicin ya kifua kikuu huvunja nguvu ya warfarin na ya vidonge vipya pia. Carbamazepine na phenytoin za kifafa huvunja vidonge vipya, na INR huivuruga. Mwenye virusi vya UKIMWI anayetumia dolutegravir hana mgongano wa maana na dawa mpya, lakini dawa zenye ritonavir ni habari nyingine. Septrin na metronidazole, ambazo watu hununua dukani bila karatasi, hupandisha INR kwa kasi ya kutisha.

Yale mambo ya mtaani ndiyo huumiza wengi, na hapa warfarin na vidonge vipya ni sawasawa. Brufen na diclofenac kwa maumivu ya mgongo, iwe kidonge au sindano ya makalio, ni mwaliko wa kutokwa damu. Kwa maumivu ya kawaida kunywa paracetamol kwa kiasi. Hijama inahusisha kuchanja ngozi, na mtu ambaye damu yake haigandi upesi hapaswi kuumikwa bila daktari kujua. Najua wengi wetu tunaipenda na tuna sababu za dini, ndiyo maana nasema waziwazi badala ya kukaa kimya. Mwambie mwumikaji pia. Vidonge na mafuta ya habasoda na kitunguu saumu vinavyouzwa kama dawa vitajwe kliniki. Kitunguu cha kwenye mchuzi hakina neno.

Kuhusu aspirini

Bado wapo wanaopewa aspirini kwa AF kwa hoja kwamba ni nyepesi kwa mzee. Jaribio la AVERROES la 2011 lililinganisha aspirini na apixaban kwa watu walioonekana hawaifai warfarin. Apixaban ilipunguza viharusi kwa zaidi ya nusu, na kutokwa damu nyingi hakukupishana kwa kiwango cha maana. Kama ndiyo dawa pekee uliyopewa kwa AF na alama zako ni 2 au zaidi, rudi ukaulize.

Kutuliza mpigo au kuurudisha

Sasa kifua chenyewe. Njia ya kwanza ni kuuacha moyo kwenye AF lakini kuupunguzia mbio, kwa bisoprolol, atenolol, carvedilol, digoxin, au verapamil kwa ambaye moyo wake haujadhoofika. Lengo la kuanzia ni chini ya mapigo 110 kwa dakika ukiwa umepumzika. Jaribio la RACE II la 2010 lilionyesha kwamba kubana zaidi ya hapo hakukuleta faida kwa waliochunguzwa. Dawa hizi ni za bei nafuu na zinapatikana hadi vituo vidogo. Malalamiko ninayoyasikia ni uchovu, vidole baridi, na wanaume kupungukiwa nguvu chumbani, jambo ambalo hawalisemi hadi wameshaacha dawa. Lisemeni, kwa kuwa dozi hubadilishwa na dawa pia. Mwenye pumu ataje pumu yake kabla ya kupewa jamii ya atenolol. Anayekunywa digoxin akipata kichefuchefu au kuona rangi ya manjano, arudi hospitali haraka.

Njia ya pili ni kuurudisha moyo kwenye mpigo wake: kwa dawa kama amiodarone, kwa mshtuko wa umeme ukiwa umelazwa usingizi, au kwa kuchoma sehemu ndogo ndani ya moyo. Mwaka 2002 jaribio la AFFIRM halikuona tofauti ya vifo kati ya njia hizi mbili, na kwa miaka mingi wengi wakaachwa na ya kwanza. Mwaka 2020 EAST-AFNET 4 ikageuza mazungumzo: waliorudishiwa mpigo mapema, ndani ya mwaka mmoja tangu kugunduliwa, walipata viharusi, vifo vya moyo na kulazwa kwa moyo kuwa mbaya vichache zaidi. Kwa hiyo muda una maana. Aliyegunduliwa mwezi uliopita, mwenye dalili zinazomsumbua, asiridhike na kuambiwa "utazoea". Mzee wa miaka 82 ambaye AF yake ni ya miaka 10 na haimzuii kwenda msikitini hana haja ya kusumbuliwa.

Amiodarone ina nguvu na hupatikana, ndiyo maana hutumika sana. Lakini ina madini ya joto mengi, yaweza kuvuruga tezi ya shingo, ini na mapafu, na hukaa mwilini kwa miezi baada ya kuachwa. Tezi na ini vipimwe kila miezi 6. Kwa Mombasa kuna jambo la ziada: huifanya ngozi iungue na jua kwa urahisi. Mwendesha bodaboda na mchuuzi wa pwani ya Bamburi wanahitaji mikono mirefu na kofia, au dawa nyingine. Tena hupandisha INR sana, hivyo dozi ya warfarin mara nyingi hupunguzwa kwa theluthi hadi nusu.

Mshtuko wa umeme huogopesha kwa jina tu. Waliofanyiwa wanasema hawakumbuki kitu ila ngozi ya kifua kuwasha siku mbili. Unahitaji wiki 3 za dawa ya kuzuia kuganda bila kukosa dozi kabla yake, au kipimo cha eko kupitia kooni kuhakikisha hakuna donge, kisha angalau wiki 4 baada. Tatizo lake ni kudumu, maana AF hurudi kwa wengi ndani ya mwaka.

Kuchoma ndani ya moyo

Mwaka 1998 madaktari wa Bordeaux, wakiongozwa na Michel Haïssaguerre, walionyesha kwamba cheche nyingi zinazoanzisha AF hutoka kwenye mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Tangu hapo mrija hupitishwa kwenye kinena hadi moyoni, na eneo linalozunguka mishipa hiyo huchomwa au kugandishwa. Kwa AF ya kuja na kuondoka hufanya kazi vizuri kuliko dawa za mpigo, na wengine huhitaji kurudiwa. Jaribio la CABANA la 2019 halikuthibitisha kwamba kuchoma hupunguza vifo, lakini waliofanyiwa waliishi kwa raha zaidi. Wa Mombasa wanaotaka kuchomwa hivyo huelekea Nairobi au India, na ni gharama inayofanya familia nzima ikae kikao.

Ukiniuliza, kikao hicho kianze na mambo ambayo nayo hutibu AF na hayahitaji treni ya SGR ya kwenda Nairobi: presha kushuka, kilo kupungua, mnazi na pombe kuachwa, kukoroma kuchunguzwa, na tezi ya shingo kupimwa, kwani tezi iliyozidi kazi yaweza kuwa ndiyo chanzo chote. Muguka na miraa huuchochea moyo kwenda mbio, na sioni jinsi mtu atakavyotafuna huku akilipia matibabu ya mpigo. Kahawa chungu ya jioni, kwa wengi, haina hatia.

Na jambo ambalo wengi hulikosea: moyo ukirudi kwenye mpigo wake, dawa ya kuzuia kuganda haiachwi kwa sababu hiyo. Uamuzi hufuata zile alama za hatari, haufuati mpigo. Katika AFFIRM, viharusi vingi viliwapata walioacha warfarin au ambao INR yao ilikuwa chini. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, kimbizeni mgonjwa hospitali saa hiyohiyo, hata kama kuna anayesema ni upepo. Dua zisomwe ndani ya gari, na pakiti ya dawa zake ichukuliwe, kwa sababu dawa ya kuyeyusha donge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu na daktari lazima ajue amekunywa nini.

Ukiamua kubadilisha

Kutoka warfarin kwenda apixaban au dabigatran, warfarin huachwa kwanza, na mpya huanzwa INR ikishuka chini ya 2. Kwa rivaroxaban huanzwa ikishuka chini ya 3. Kurudi kwenye warfarin ni kinyume chake: zote mbili hunywewa pamoja kwa siku kadhaa chini ya uangalizi, kwa sababu warfarin hukawia kuanza kazi. Hapa ndipo nimesikia makosa mengi, mgonjwa akinywa zote mbili kwa wiki kadhaa au akikaa bila yoyote. Mwombe daktari aandike kwenye karatasi moja tarehe ya kuacha hii na tarehe ya kuanza ile, na mtu wa nyumbani aisome kabla hamjatoka kliniki.